Kurumbiza hahitaji miti peke yake, anahitaji na majani makavu chini yake

Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, kurasa za magazeti yetu hujaa picha za watu waliochuchumaa kando ya mashimo, mche mkononi na ndoo ya maji pembeni. Ni kazi njema, na lengo la Kenya la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032 halitatimia bila watu hao. Lakini tembelea mahali palepale miaka kumi baadaye, miti ikishakuwa mirefu, uangalie chini. Pamefagiliwa hadi mchanga unang'aa. Hakuna jani, hakuna kijiti, hakuna kichaka. Halafu mwenye bustani hiyo huuliza mbona hamsikii kwake yule ndege anayeimba kule kwenye magofu ya Gede.

Ndege anayeulizwa, mara nyingi, ni kurumbiza, na jibu la swali hilo liko chini ya miti.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana wapo wanaompa jina hili ndege wa manjano anayekaa juu kabisa ya miti. Tunayemzungumzia hapa ni wa chini, ndege wa vichakani na kwenye kivuli. Wataalamu humwita Cossypha natalensis, jina alilopewa na Andrew Smith mwaka 1840 kwa sababu ya Natal, kule Afrika Kusini. Lakini makao yake hayaishii huko: yumo Angola, Kongo, Msumbiji na Tanzania, na hapa Kenya yumo Shimba Hills, Diani, kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na uzito wa gramu 30 hivi, yaani kama nusu ya yai la kuku. Uso, koo, kifua na tumbo vina rangi ya chungwa lililoiva. Utosi umekolea zaidi, una rangi ya kutu. Mgongo na mabawa ni ya kijivu chenye buluu ndani yake, kama wingu la mvua. Mkia nao ni wa kutu, isipokuwa manyoya mawili ya katikati ambayo ni meusi. Ndege akiruka mbele yako mkia hufunguka na weusi ule huonekana kama mstari uliochorwa katikati. Jicho ni jeusi na kubwa kuliko unavyotarajia kwa kichwa kidogo vile, nalo limekaa peke yake kwenye uso mtupu wa chungwa. Dume na jike hufanana, hata aliye na darubini nzuri hawezi kuwatofautisha. Makinda waliotoka kiotani karibuni huwa wa hudhurungi wenye madoadoa, na mkia wa kutu ndio pekee unaowaumbua.

Makosa ya kumtambua ni machache na yanajulikana. Yule wa bustani za Nairobi na miji mingine ya bara, mwenye kichwa cheusi na nyusi ndefu nyeupe, ni jamaa yake lakini si yeye. Ukiona nyeupe yoyote usoni, achana naye. Shimba Hills na Arabuko-Sokoke kuna mwingine wa rangi ya kutu anayefuata siafu, mkubwa zaidi, sentimita 20 na ushei. Huyo hana buluu kwenye bawa, mgongo wake wote ni wa kahawia. Na humo humo Arabuko-Sokoke kuna mdogo wa sentimita 12 hivi, koo la chungwa na tumbo jeupe. Kurumbiza tumbo lake ni la chungwa mpaka chini.

Sauti yake ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu anazo nyingi na nyingine si zake. Yake mwenyewe ni ya noti mbili laini, moja juu na moja chini, trii-truu, trii-truu, kama bembea ya chuma isiyotiwa mafuta, na anaweza kuirudia kwa dakika nyingi pasipo kuchoka, hasa jua linapozama. Akianza kuimba hasa, huchukua sauti za wenzake: shore, tipitipi, hata ukelele wa furukombe. Mbinja za watu pia huziiga. Namna ya kumjua ni rahisi ukishaizoea. Sikiliza sauti inatoka kimo gani. Furukombe haiti kutoka kwenye kichaka kinachofika magotini. Tena, ndege watatu au wanne tofauti wakisikika kwa zamu kutoka sehemu moja ndani ya dakika moja, bila hata mara moja kuingiliana, basi hao wote ni ndege mmoja.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Mdomo wa kurumbiza ni mwembamba, si wa kupasua mbegu wala wa kuchimba. Chakula chake kikubwa lazima kiwe juu ya ardhi au chini ya jani moja mawili: mende wa msituni, buibui, mchwa, nyenje, viwavi. Matunda madogo hula pia, yaliyo juu ya mti au yaliyoanguka. Mtazame anavyofanya kazi. Anaruka-ruka hatua tatu nne, anasimama wima, kichwa kimeinama upande. Anasubiri. Kisha anashika jani kwa ukingo, analitupa kando, anadokoa kilichokuwa chini yake, anatikisa mkia na kurudi kivulini kabla hujavuta pumzi. Hafanyi hivyo mahali peupe kwa muda mrefu; kila baada ya kudokoa mara chache hujificha. Kwa hiyo anahitaji vitu viwili vilivyo karibu karibu, majani ya kupekua na kichaka cha kukimbilia. Kimoja bila kingine hakimfai.

Kuna nyakati hafanyi hata kazi ya kupekua, wengine humfanyia. Siafu wanapotoka kuwinda, kila mdudu aliye njiani hukimbia kuokoa maisha yake, na kurumbiza huwa amesimama pembeni ya msafara, nusu mita hivi, akiwadaka wanaotoroka. Arabuko-Sokoke na Gede ana mwenzi mwingine: sange, yule mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo na kiuno cha rangi ya dhahabu. Sange hutembea polepole akiingiza pua chini ya majani na kuyafumua, na kurumbiza humfuata kwa nyuma, akila wadudu wanaofurushwa. Ukisikia majani yakichakarika asubuhi mapema, usitazame sange peke yake. Tazama mita moja au mbili nyuma yake. Sange huyo naye hujenga kiota chake kwa majani makavu juu ya ardhi. Fagia majani, umewafukuza wote wawili kwa mkupuo mmoja.

Watu hudhani kwamba jani likishaanguka ni taka. Tandiko la majani lenye unene wa vidole vinne lina tabaka la juu kavu na la chini bichi. Unyevu ule wa chini ndio nyumba ya wadudu. Ukifagia kila asubuhi, jua linapiga udongo moja kwa moja, unyevu unakauka, mchwa wanashuka chini zaidi, wengine wanahama au wanakufa. Ndani ya msimu mmoja wa kiangazi eneo linakuwa tupu, hata kama juu yake kuna mwembe wa miaka hamsini. Kuchoma majani ni kubaya zaidi, kwa sababu moto huwakuta na waliobaki. Na kuna kosa la tatu, ambalo hufanywa na watu wenye nia njema kabisa: wanakusanya majani yote kuwa lundo moja kubwa pembeni, wakiamini wamemwekea ndege akiba. Lundo si tandiko. Ndani linapata joto na kuoza, juu linakauka, na ndege wa gramu 30 hawezi kulifumua. Majani yanatakiwa yatandazwe.

Aina ya mti nayo ina uzito wake. Mvinje huangusha sindano zinazoshikamana kama mkeka, na chini yake huota machache mno. Msaji una majani mapana, lakini shamba la msaji likipaliliwa na kuchomwa kama kawaida, halibakishi kichaka. Hatusemi ing'olewe. Tunasema anayepanda kwa ajili ya ndege achanganye na miti ya kwetu, kama mkwaju, mkuyu na mengineyo ya msitu wa jirani, kisha chini yake apande vichaka vya asili kwa umbali wa mita 1 hadi 1.5 kati ya kimoja na kingine, ili vikikua vifungamane. Vichaka hivyo havitakiwi kukatwa kuwa ua ulionyooka. Ua uliopogolewa chini mpaka shina likaonekana hauna pa kujificha.

Jambo la majira halizungumzwi, nalo linaficha kosa letu. Wapo kurumbiza wanaokaa misitu mikubwa mwaka mzima, lakini pwani ya Kenya walio wengi ni wageni kutoka kusini: huja karibu na Aprili, kusi inapoanza kuvuma, na kuondoka karibu na Novemba, upepo unapogeukia kaskazi. Sasa, sisi watu wa Pwani vichaka hukatwa lini? Wakati wa ukavu, Januari na Februari, watu wanapotayarisha mashamba kabla ya masika. Ndege hayupo. Anayefyeka haoni ndege akiruka kutoka kichakani, hivyo haoni alichoharibu. Aprili kurumbiza anafika alipokuwa mwaka jana, anakuta uwanja mweupe, anapita. Mwenye nyumba anasema ndege wamepungua duniani, kumbe hapa kwake wamekosa pa kutua tu. Hali ni hiyo hiyo kwa ndege mwingine anayekuja Gede na Arabuko-Sokoke majira hayo hayo, yule wa kahawia mwenye kifua cheupe chenye madoa meusi, ambaye yuko hatarini kutoweka. Naye hula kwa kupekua majani.

Kuhusu uzazi, kurumbiza hujenga kiota chini: kwenye tundu la kisiki kilichooza, kwenye mwanya wa jiwe, au kwenye ukingo wa udongo uliobomoka. Ni kikombe cha majani, vijiti na vimizizi. Mayai huwa 2 hadi 4, mara nyingi 3. Jike huyaatamia kwa siku 14 au 15, na makinda hutoka kiotani baada ya siku 11 au 12, kabla hata hawajaweza kuruka vizuri. Siku chache zinazofuata ndizo za hatari, kwa kuwa kinda hutembea chini na kujificha chini. Adui mmoja hatuna la kumfanya: ni kekeo mwenye kifua chekundu, yule wa noti tatu zinazoshuka, anayeita sana mvua inapokaribia. Jike la kekeo hutaga yai lake kwenye kiota cha kurumbiza, na kinda lake likishaanguliwa huyasukuma nje mayai na makinda ya mwenye nyumba. Hiyo ni kazi ya maumbile, iachwe. Lakini kung'oa visiki vyote ili bustani "ipendeze" ni kazi yetu, na inazuilika.

Anayetaka kumkaribisha nyumbani, shuleni au hotelini hahitaji msitu. Tenga kona ya mita 5 kwa 5 penye kivuli, ikiwezekana inayopakana na ua au kichaka cha jirani ili ndege apate njia ya kuingia. Acha kuifagia. Majani unayofagia mahali pengine yatandaze hapo mpaka yafikie unene wa vidole vinne. Zaidi ya hapo hayana faida. Laza magogo mawili matatu yaliyoanza kuoza. Usimwage mabaki ya chakula kwenye kona hiyo, kwa sababu yanaleta panya, na panya ndio wanaoleta nyoka. Hofu ya nyoka tunaielewa na hatuibezi: kona iwe angalau mita 10 kutoka mlangoni, na ukanda wa mita 1 kuzunguka nyumba ubaki umefagiliwa. Ukanda huo husaidia pia moto usivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Maji yanamvuta sana siku zisizo na mvua. Chombo kiwe kipana na kina chake kisizidi sentimita 3, chenye jiwe la kukwaruza katikati ili miguu isiteleze. Kiweke chini, mita 2 kutoka kichakani. Si ndani ya kichaka, maana paka hujificha humo, wala si mbali, maana hatathubutu kuvuka. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili na chombo kisuguliwe. Ukiyaacha wiki nzima umefuga mbu.

Paka anayezurura alfajiri na magharibi anaweza kuiharibu kazi yote, kwa kuwa hizo ndizo saa ambazo kurumbiza yuko chini zaidi. Afungiwe ndani mpaka saa mbili asubuhi. Dawa ya kupulizia siafu na mchwa huua chakula chenyewe; penye haja ya kulinda mbao za nyumba, itumike kwenye mbao, si kwenye kona. Dirisha kubwa la kioo linaloakisi miti nalo ni mtego, kwa sababu ndege huyu huruka chini na kwa kasi kutoka kivuli hadi kivuli. Pazia la nje au nyuzi zilizoning'inizwa kwa nafasi ya sentimita 10 zinatosha kumwonya.

Kumwona kunataka subira kuliko darubini. Saa nzuri ni saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni. Keti umeegemea shina, mita 4 hivi kutoka kijia chenye majani, usisimame, usinyooshe kidole. Dakika 15 hadi 20 za utulivu humtoa mwenyewe. Siku hizi wapo wanaopiga sauti yake iliyorekodiwa kwa simu ili atokee. Anatokea kweli, kwa sababu anadhani mwenzake amevamia eneo lake, na muda anaoutumia kumtafuta mvamizi asiyekuwepo haulishi tumbo wala makinda. Tunawaomba wenzetu wanaotembeza wageni waliache jambo hilo, hasa penye watu wengi kama Gede, ambako ndege mmoja anaweza kuchezewa mara kadhaa kwa siku.

Msituni kwenyewe hatari ni nyingine. Mitego ya kamba inayotegwa chini kwa ajili ya paa na sange haichagui, na kuni zinazookotwa mpaka kijiti cha mwisho huondoa magogo anayozalia. Kaya zilizohifadhiwa vizuri zinaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mahali ambapo wazee wanakataza kukata na kuokota, sakafu ya msitu ni laini chini ya mguu, na kurumbiza yupo. Mita mia nje ya mpaka udongo ni mgumu na sauti hakuna. Kaya hizo zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, na walioandika sifa zake wangefanya vyema kuitaja pia sakafu hiyo, iliyotunzwa na marufuku ya wazee.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti litakapochapisha tena picha za watu wakipanda miche, litume mpigapicha mahali hapo baada ya miaka mitatu, katikati ya Mei, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Apige picha moja tu, kamera ikiwa chini ya goti.

Waongoza wageni wa misitu ya Pwani,
Kilifi